Sikiliza Snea Kwanza: Namna ya Kulinganisha Miongo ya Roki Nzito

Mabishano kuhusu muongo bora wa roki nzito hayaishi kwa sababu hubishaniwa kwa majina. Mmoja anataja Led Zeppelin, mwenzake anajibu Guns N' Roses, wa tatu anakuja na Soundgarden, na kila mmoja anaweka wimbo wake kwenye spika ileile ili awanyamazishe wengine. Hapo ndipo mambo huharibika. Nyimbo hizo hazikutoka studio zikiwa na ukubwa mmoja wa sauti, na sikio la binadamu hudanganyika kirahisi: kati ya nyimbo mbili, ile iliyo juu hata kwa desibeli 1 huonekana kuwa na besi nene na uhai zaidi, na msikilizaji hatambui kwamba kilichoongezeka ni sauti tu. Anayeweka wimbo wa 1971 mbele ya wimbo wa 2008 bila kusawazisha sauti ameshaupa ule wa 2008 ushindi kabla haujaanza.

Kwa hiyo kabla ya kuisikiliza snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali inayopigwa kwa fimbo, kazi ya kwanza ni kusawazisha. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha kabisa. Ingiza nyimbo zako, shika wimbo mmoja mmoja, kisha tumia amri ya kusawazisha ukubwa wa sauti inayosikika, ile inayopima kwa LUFS, na uweke kila wimbo kwenye -18. Wengi huchagua -14 kwa sababu ndicho kipimo cha kawaida cha Spotify, halafu wanalalamika kwamba nyimbo za zamani zinakwaruza. Hesabu yake ni nyepesi. Wimbo wa 1972 unaweza kuwa na vilele vya ngoma vilivyo desibeli 16 juu ya wastani wake. Ukiupandisha wastani hadi -14, kilele kinatakiwa kifike +2, na faili ya kidijitali haina nafasi yoyote juu ya 0, kwa hiyo kilele kinakatwa. Kwa -18, kilele hichohicho kinaishia -2 na kinapita salama. Kosa jingine ni kutumia amri ya kusawazisha vilele badala ya ukubwa wa sauti. Amri hiyo huipandisha kila faili hadi kilele chake kiguse kiwango kimoja, na matokeo yake wimbo uliobanwa sana, yaani uliopunguziwa tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo, unabaki juu kuliko mwenzake, yaani tatizo lilelile umelirudisha kwa mlango wa nyuma.

Sauti ya kusikilizia nayo isibadilike katikati. Sikio hupoteza besi haraka sauti inaposhuka, hivyo wimbo uliousikia kwa sauti ya chini utauhukumu kuwa mwembamba bila haki. Chagua kiwango kimoja, weka alama kwenye kitufe cha amplifaya, usikiguse tena. Wala kisiwe kikubwa mno: mwongozo wa taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, huruhusu saa 8 kwa siku kwa desibeli 85, na kila ongezeko la desibeli 3 hupunguza muda huo kwa nusu, hivyo kwenye 94 imebaki saa 1. Sikio lililochoka halisikii matoazi vizuri, na matoazi ni ushahidi muhimu katika kazi hii.

Jambo la pili ni toleo, na hapa hata wapenzi wa siku nyingi huteleza. Albamu ya 1975 unayoisikia leo kwenye simu mara nyingi siyo ile ya 1975. Ni rimasta, yaani toleo lililoandaliwa sauti upya, iliyotengenezwa miaka ya 1990 au 2000, wakati desturi ilikuwa kubana sauti ili CD isikike juu kuliko za wengine. Ifungue kwenye Audacity utazame umbo lake. Rekodi ya zamani isiyoguswa inaonekana kama safu ya milima: vilele vya snea vinachomoza kimoja kimoja, na mchoro wa ubeti uko chini kuliko wa kiitikio. Rimasta iliyobanwa inaonekana kama tofali, imenyooka juu na chini kuanzia sekunde ya kwanza. Ukiona tofali, tafuta toleo jingine, la sivyo utakuwa unalinganisha 2008 na 2001 huku ukidhani unalinganisha 2008 na 1975. Lakini usiamini kwamba CD ya kwanza kabisa ndiyo bora siku zote. Baadhi ya CD za miaka ya 1980 zilitengenezwa kutoka kwenye kanda zilizoandaliwa kwa ajili ya santuri, zikiwa tayari zimepunguzwa besi. Hizo husikika kavu, na ukavu huo siyo wa bendi.

Baada ya hapo, sikiliza snea. Nyimbo nyingi za roki hupiga snea kwenye pigo la pili na la nne. Kwa wimbo wa dakika 4 wenye mapigo 120 kwa dakika, snea italia takriban mara 240, kwa hiyo hakuna sauti nyingine inayokupa nafasi nyingi kiasi hicho za kuichunguza. Gitaa linaweza kukuficha umri wake, mwimbaji anaweza kuiga mtu wa zamani, lakini snea hubeba chumba, maikrofoni na mashine za siku ile. Igawe katika sehemu tatu: mguso wa fimbo, mwili wa ngoma, na mkia, yaani kile kinachobaki hewani baada ya pigo. Mkia ndio unaotaja mwaka.

Chukua "When the Levee Breaks" ya Led Zeppelin, iliyotoka Novemba 1971. Mpiga ngoma wao, John Bonham, aliwekwa chini kwenye ukumbi wa kuingilia wa Headley Grange, jumba la zamani huko Hampshire, Uingereza, na mhandisi Andy Johns akaning'iniza maikrofoni mbili za Beyerdynamic M160 juu kwenye ngazi. Hakuna maikrofoni iliyobandikwa kwenye ngoma. Sauti ilipanda ngazi, ikagonga kuta, ikafika juu ikiwa imechanganyika yenyewe, kisha ikapitishwa kwenye mashine ya mwangwi ya Binson na kubanwa kwa kompresa. Ukisikiliza kwa makini, mkia wa snea haukatiki. Unazama polepole na kukutana na pigo linalofuata la kiki, ile ngoma kubwa ya mguu. Chumba ndicho kinachopiga muziki. Wengi wanaojaribu kuipata sauti hii huongeza mwangwi wa kompyuta juu ya ngoma zilizorekodiwa kwa karibu, wakapata tope. Kinachokosekana ni umbali, na umbali hauongezwi baadaye. Pia Bonham alitumia ngoma kubwa, kiki yake ilikuwa ya inchi 26, na aliikaza ngozi kwa juu ili ngoma iimbe, tofauti na wanaolegeza ngozi wakidhani ulegevu ndio uzito.

Huo haukuwa mtindo wa muongo mzima. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 studio nyingi zilikuwa na mashine za kurekodia za njia 16 na 24, kila ngoma ikapata maikrofoni yake, na wahandisi wakataka kila njia iwe safi bila sauti ya jirani kupenya. Wakatia blanketi ndani ya kiki, wakaondoa ngozi ya mbele, wakabandika tepu juu ya snea. Matokeo ni snea fupi yenye kishindo kikavu, kama kugonga kitabu kinene kwa kiganja. Kwa hiyo mtu akikuambia "sauti ya ngoma za miaka ya 1970", muulize anasema ya mwaka gani. Zipo mbili, na zinapingana.

Miaka ya 1980 ilianza na ajali njema. Kwa albamu iliyotoka 1980, katika studio ya Townhouse huko London, Phil Collins akimpigia ngoma Peter Gabriel na Hugh Padgham akiwa mhandisi, walitumia maikrofoni ya mawasiliano ya chumbani iliyokuwa na kompresa kali, kisha wakapitisha sauti hiyo kwenye kifaa kinachofunga mlango wa sauti ghafla. Mwangwi unafumuka mkubwa mno, halafu unakatwa kabla haujamalizika. Haikuwa roki nzito, lakini roki nzito iliichukua ikaishi nayo muongo mzima. Kuitambua ni rahisi: piga makofi mara moja kwenye ukumbi mtupu, kisha fikiria mtu amezima dunia kabla mwangwi haujafa. Ukubwa wa ukumbi upo, mkia haupo. Ukisikia hivyo, uko kati ya 1981 na 1989, au uko na mtu anayeiga kipindi hicho.

"Hysteria" ya Def Leppard ndiyo kilele cha njia hiyo. Ilitoka tarehe 3 Agosti 1987 baada ya zaidi ya miaka mitatu ya kazi, prodyuza akiwa Mutt Lange. Mpiga ngoma wao, Rick Allen, alipoteza mkono wa kushoto katika ajali ya gari tarehe 31 Desemba 1984, akajifunza upya kwa seti ya ngoma za kielektroniki akitumia mguu wa kushoto kwa kazi za mkono alioupoteza. Ngoma za albamu hiyo zilipangwa kwa mashine, sampuli moja baada ya nyingine, na gitaa nyingi zikapitishwa kwenye Rockman, kisanduku kidogo cha transista alichobuni Tom Scholz wa bendi ya Boston, kinachoingizwa moja kwa moja kwenye meza ya kurekodia bila spika wala maikrofoni. Ndiyo maana gitaa hizo zinang'aa kama kioo na hazina hewa. Watu huziita baridi. Mimi naona ni ufundi wa hali ya juu uliolenga kitu kingine: kila sauti iwe na mahali pake, na kiitikio cha sauti nyingi kisimame kama ukuta.

Sasa weka pembeni yake "Appetite for Destruction" ya Guns N' Roses, iliyotoka tarehe 21 Julai 1987. Siku 13 tu zinatenganisha albamu hizo. Katika hii, prodyuza Mike Clink aliacha bendi isikike kama watu watano chumbani: snea ya Steven Adler ina mbao na chuma, mkia wake ni mfupi lakini wa kweli, gitaa mbili zinazungumza kushoto na kulia bila kufanana, na nyuzi zote zimeshushwa nusu toni. Wiki mbili, aina moja ya muziki, dunia mbili. Mtu anayesema "miaka ya 1980 ilisikika hivi" hajaziweka albamu hizi mbili pamoja.

Hapo kuna kipimo kingine kinachotenganisha rekodi kuliko wengi wanavyodhani, nacho ni mwendo. Chukua saa ya kusimamisha. Anza kuhesabu pigo la kwanza kama sifuri, siyo moja, kwa sababu unahesabu nafasi kati ya mapigo. Anayeanza na moja hupata nafasi 31 akidhani ni 32. Simamisha saa kwenye 32. Mapigo kwa dakika ni 32 mara 60, gawa kwa sekunde ulizopata. Kama ubeti wa kwanza umechukua sekunde 16.0, mwendo ni 120. Rudia kwenye kiitikio cha mwisho: ukipata sekunde 15.5, mwendo umefika karibu 124. Pima mara tatu uchukue wastani, maana kidole huchelewa. Rekodi nyingi za kabla ya 1980 hupanda hivyo, kwa sababu mpiga ngoma hakuwa na mlio wa kumwongoza masikioni. Kupanda huko siyo kosa. Kiitikio kinapoingia kwa kasi kidogo, mwili wa msikilizaji unasogea mbele nacho. Rekodi iliyofungwa kwenye gridi ya kompyuta itakupa 120 mwanzo, 120 mwisho, na hapo uzito wa kiitikio utalazimika kutafutwa kwa njia nyingine, kwa kawaida kwa kurundika gitaa.

Kuhusu gitaa, kosa kubwa la wanaolinganisha, na hata wanaopiga, ni kudhani kwamba mng'urumo, yaani sauti ya gitaa iliyovunjwa makusudi, umekuwa ukipungua kadiri unavyorudi nyuma na uzito vilevile. Mng'urumo ulikuwa mdogo kweli. Uzito haukuwa mdogo. Amplifaya ya Marshall ya wati 100 ya mwaka 1970 haikuwa na kitufe cha kutenganisha mng'urumo na ukubwa wa sauti. Ili valvu za mwisho (mirija ya kioo ya kukuzia sauti), EL34 nne, zianze kuvunja sauti, ilibidi uifungue karibu yote, na spika nne za inchi 12 zikisukuma hewa mpaka suruali itikisike. Kilichorekodiwa ni mng'urumo wa valvu kubwa na spika zikifanya kazi kwa nguvu, ndiyo maana kila uzi bado unasikika ndani ya kodi ya gitaa, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja. Kuanzia 1975 Marshall ilipotoa amplifaya zenye kitufe kikuu cha sauti, zilizofuatwa na JCM800 ya 1981, mng'urumo ungeweza kupatikana kwenye valvu ndogo za mwanzo kwa sauti ya chini. Ni laini zaidi, unadumu zaidi kwa solo, na unameza noti ukizidishwa. Anayetaka kuipata sauti ya AC/DC kwenye "Back in Black" ya 1980 huweka mng'urumo kwenye 8 au 9, akapata nyuki. Urudishe hadi 3 au 4, piga nyuzi kwa nguvu, na ukirekodi, rekodi gitaa mbili tofauti, moja kushoto, nyingine kulia. Malcolm Young, mpiga gitaa wa bendi hiyo, alitumia gitaa la Gretsch lenye nyuzi nene na sauti karibu safi. Ukali wote unatoka mkononi na kwenye ukimya kati ya kodi. Hesabu ukimya huo. Wimbo unaoupa albamu jina lake una nafasi tupu nyingi kiasi kwamba unaweza kusikia matoazi yakihesabu.

Eddie Van Halen, kwa albamu ya kwanza ya bendi yake iliyotoka Februari 1978, alikuja na njia yake: kifaa cha kupunguza umeme, Variac, akishusha volti zinazoingia kwenye Marshall hadi karibu 90 ili valvu zivunje sauti mapema. Tafadhali usiige hivyo kwa amplifaya yako bila fundi, na usithubutu kupandisha volti. Kwa leo kuna vipunguza nguvu vinavyowekwa kati ya amplifaya na spika, vinafanya kazi hiyo bila kuhatarisha transfoma. Lakini kumbuka tarehe. Sauti ambayo watu huiita ya miaka ya 1980, solo za kasi, vidole vya mikono yote miwili vikigonga shingo ya gitaa, ilishakamilika 1978.

Rifu, yaani mfuatano mfupi wa noti unaorudiwa, ya "Smoke on the Water" ya Deep Purple inafaa kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu inaonyesha jinsi kumbukumbu inavyobadilisha muongo. Ilirekodiwa Montreux, Uswisi, Desemba 1971, kwa gari la kurekodia la Rolling Stones, baada ya kasino waliyokusudia kuitumia kuungua tarehe 4 Desemba wakati wa onyesho la Frank Zappa. Karibu kila anayejifunza gitaa huipiga kwa kijiti cha kupigia nyuzi, kwenye nyuzi nene, kwa kodi za nguvu za noti ya kwanza na ya tano. Inasikika kama roki ya miaka ya 1990. Mpiga gitaa wao, Ritchie Blackmore, huipiga kwenye uzi wa nne na wa tatu: zikiwa wazi, kisha freti (mstari wa chuma shingoni mwa gitaa) ya 3, kisha ya 5, na noti hizo mbili zimepishana kwa hatua nne, siyo tano. Tena haitumii kijiti. Anazivuta nyuzi mbili kwa vidole kwa wakati mmoja. Kijiti hugusa uzi wa nne kwanza, wa tatu ukafuata baada ya sehemu ndogo sana ya sekunde, na upole wote wa rifu ile unapotea hapo. Chini yake Jon Lord anaipiga pamoja naye kwa kinanda cha Hammond kilichopitishwa kwenye Marshall. Nusu ya kile unachodhani ni gitaa ni kinanda.

Kushuka kwa nyuzi ni uzi mwingine unaopita miongo yote. Tony Iommi wa Black Sabbath alikatwa ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia na mashine kiwandani Birmingham akiwa na miaka 17. Yeye hupiga kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo hivyo ndivyo vidole vinavyobonyeza nyuzi. Alijitengenezea vifuniko vya plastiki iliyoyeyushwa, akatafuta nyuzi nyembamba, na kufikia "Master of Reality" ya 1971 akawa anashusha gitaa kwa nusu toni tatu kwenye nyimbo kadhaa. Nguvu ya mvuto wa uzi huenda na mraba wa idadi ya mitetemo yake kwa sekunde: ukishusha nusu toni moja mvuto unapungua kwa karibu asilimia 11, mbili asilimia 21, tatu asilimia 29. Hiyo ni nafuu kubwa kwa kidole chenye kidonda. Ukitaka kushuka hivyo huku ukipiga kwa nguvu, ongeza unene wa nyuzi, la sivyo noti itaanza juu ya mahali pake kisha itelemke, na uzi utagonga freti.

Miaka ya 1990 ilichukua ushukaji huo ikaufanya lugha ya kila siku. Njia nyepesi ni kushusha uzi wa sita peke yake kutoka E hadi D, kutoka 82.4 Hz hadi 73.4 Hz, ndipo kodi ya nguvu inapigwa kwa kidole kimoja kilicholazwa juu ya nyuzi tatu. Rifu zikawa za kuteleza juu na chini kwa haraka, jambo ambalo mkono wa kawaida haulifanyi. Soundgarden na Rage Against the Machine waliijenga sauti yao humo. Led Zeppelin walikuwa wameshaitumia kwenye "Moby Dick" ya 1969, kwa hiyo tena, kifaa kilikuwepo kabla ya muongo wake. Korn walipotoka 1994 na gitaa za nyuzi saba, uzi wa chini ukiwa A, 55 Hz, gitaa liliingia nyumbani kwa besi. Gitaa la kawaida la besi linaanzia 41.2 Hz, nafasi iliyobaki ni finyu, na suluhisho likawa besi kupanda juu na kulia kama vijiti vinavyogongana. Ukisikia besi inabonga kwa juu huku gitaa likiguruma chini yake, umefika nusu ya pili ya miaka ya 1990.

Sasa kalenda. Ukipanga rekodi kwa snea, kwa mwendo na kwa amplifaya badala ya tarakimu za mwaka, mipaka inaangukia mahali pengine. Mpaka mmoja uko 1978, mwingine 1991. Katika wiki nane za mwaka huo zilitoka albamu nyeusi ya Metallica tarehe 12 Agosti, "Ten" ya Pearl Jam tarehe 27, "Use Your Illusion" mbili za Guns N' Roses tarehe 17 Septemba, "Nevermind" ya Nirvana tarehe 24, kisha "Badmotorfinger" ya Soundgarden mwanzoni mwa Oktoba. Husemwa kwamba vijana wa Seattle, yaani bendi kama Nirvana, Pearl Jam na Soundgarden, waliziua bendi za nywele ndefu za miaka ya 1980. Maelezo hayo yanaacha jambo la msingi: tangu Mei 1991 orodha ya Billboard ilianza kutumia SoundScan, yaani kuhesabu mauzo kwa mashine za kaunta badala ya ripoti za mdomo za maduka. Muziki mzito ukaonekana ulivyokuwa ukinunuliwa kweli. "Nevermind" ilifika nafasi ya kwanza Januari 1992. Na kwa sikio, snea ya Dave Grohl, mpiga ngoma wa Nirvana, pale studio ya Sound City, kwenye chumba kikubwa na meza ya kurekodia ya Neve ya mtindo wa zamani, iko karibu zaidi na 1971 kuliko 1987.

Urefu nao unatokana na chombo. Upande mmoja wa santuri hubeba dakika 22 hivi bila kuumia. Zaidi ya hapo mifereji inabanwa, besi na sauti vinapunguzwa. Tena sindano ikiwa ukingoni mfereji unapita kwa karibu sentimita 51 kwa sekunde, na karibu na katikati ni kama 21 tu, ndiyo maana mlio wa juu huchakaa mwisho wa upande na wimbo wa taratibu mara nyingi uliwekwa hapo. Albamu ya kwanza ya Van Halen ina dakika 35. "Superunknown" ya 1994 ina 70, "Use Your Illusion" kila moja 76, kwa sababu CD iliruhusu. Usilinganishe albamu kwa jumla basi. Linganisha dakika 35 na dakika 35, na uchague wimbo uliovuma, wimbo wa upande wa pili ambao haukuvuma, na rekodi ya jukwaani. Kwa 1972, "Made in Japan" ya Deep Purple inafaa sana. Kila muongo una nyimbo dhaifu ambazo redio imezisahau, na kumbukumbu ya zamani imechujwa kuliko ya karibu.

Miaka ya 2000 nitaipitia haraka, maana sehemu kubwa ya rekodi zake zimebanwa mpaka snea imekosa mguso. "Death Magnetic" ya Metallica, Septemba 2008, ndiyo mfano unaojulikana zaidi. Nyimbo zake zilipotolewa pia ndani ya mchezo wa Guitar Hero zilisikika wazi zaidi kuliko CD, na maelfu ya mashabiki wakatia saini ombi ichanganywe upya. Lakini muongo huohuo una "Elephant" ya The White Stripes ya 2003, iliyorekodiwa Toe Rag huko London kwa kanda ya njia 8, na "Songs for the Deaf" ya Queens of the Stone Age ya 2002, ambapo Dave Grohl alipiga ngoma bila matoazi kwanza, kisha akarudi kupiga matoazi. Sikiliza snea yake: haina hata chembe ya toazi inayovuja ndani yake, ndiyo maana iliweza kubanwa sana na bado ikabaki kavu na safi.

Baada ya 2010 kinachostahili sikio zaidi ni namna watu wachache wanavyojaza nafasi. Royal Blood ni bendi ya watu wawili, na ala za albamu yao ya kwanza ya Agosti 2014 ni besi na ngoma tu. Mike Kerr hugawanya mlio wa besi moja: sehemu inakwenda kwenye amplifaya ya besi, sehemu inapandishwa oktavu na kuingizwa kwenye amplifaya za gitaa. Ili kuthibitisha, vaa vipokea sauti vya masikioni na ufuate noti moja ndefu mpaka mwisho. Sauti ya juu na ya chini zinatetemeka pamoja na kuzimika pamoja, kwa sababu ni uzi mmoja.